Mlango wa Mama Vifungo

Jumatatu saa tatu asubuhi Mama Vifungo alikuwa akishona vifungo kwenye shati la sare, la tano kati ya kumi na mawili, Bwana Fomu alipofika na futi kamba yake ya mita hamsini. Bwana Fomu alikuwa ofisa wa halmashauri, na kazi yake ilikuwa kupima umbali kati ya mabanda ya nguruwe na nyumba za watu. Chini ya pua alikuwa amejipaka dawa ya kuchua, maana ni mtu mzoefu.

Ukuta wa banda ulikuwa hatua ishirini tu kutoka dirisha la jiko. Ndani ya banda mlikuwa na nguruwe mia tano, kila mmoja na maoni yake. Nguruwe akikohoa, Mama Vifungo humwambia pole bila kuinua sauti. Lakini sheria ndogo ya halmashauri ilisema umbali upimwe mlango kwa mlango, na mwenye banda, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa ameweka mlango wake chini bondeni, mwisho wa ujia mrefu kama utumbo. Zikapatikana mita mia mbili na kumi.

"Mita mia mbili ni za nguruwe mia tano," Bwana Fomu alisema. "Yeye anaomba elfu tatu. Hapo lazima zifike mita mia sita, na hazifiki ng'o. Lala usingizi, mama."

Mama Vifungo akalala. Shule mbili zilikuwa zimekwisha kumrudishia sare kwa sababu ya harufu. Nguruwe elfu tatu wangemkosesha na ya tatu.

Alhamisi mlango wake haukuwa mahali pake. Ulikuwa umehama kutoka ukuta wa mbele, unaotazama banda, ukaenda ukuta wa pembeni, na kabati lilikuwa limejisogeza kuupisha. Mahali pa zamani ukuta ulikuwa mzima, na chokaa juu yake. Mama Vifungo alitoka kwa upande huo mpya, akafagia uwanja, kisha akamwita shemeji yake, seremala aliyeutengeneza mlango huo.

"Shemeji, mlango wako umehama."

"Wapi! Niliufunga kwa bawaba nne."

"Zote zimeenda nao."

Seremala akaufungua, akaufunga, akautegea sikio. "Haulii hata kidogo. Semeni mtakayo, kazi nilifanya."

"Nani kakuuliza kazi? Nauliza unakwenda wapi."

Seremala akanusa upepo, akakunja uso. "Unakwenda kusiko na nguruwe. Hata mimi nikimaliza chai hii naufuata."

Ijumaa mlango ulikuwa kwenye ukuta wa nyuma. Jumamosi ulikuwa nje kabisa, nyuma ya choo, umesimama peke yake na fremu yake, umefungwa vizuri. Mama Vifungo akaanza kutoka na kuingia kwa dirisha, akikanyaga kigoda, huku goti likimlaani. Jumapili ikaja barua: mwenye banda amesikia habari, anaomba umbali upimwe upya Jumatano.

Jumatano asubuhi Mama Vifungo na seremala waliurudisha mlango mabegani kama mgonjwa. Walivunja ukuta wa mbele, wakaupachika mlango, wakaupiga misumari ya inchi sita. Mama Vifungo akaufunga kwa kamba kwenye mguu wa cherehani, akaketi kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza mlangoni.

Saa nne Bwana Fomu akaanza kupima kutoka bondeni. Alikuwa amefika mita mia mbili, amebakiza kidogo, upepo ulipogeuka. Mlango ukatetemeka. Ukapiga chafya moja. Kisha ukaondoka na misumari, kamba na cherehani, na ukuta ukajifunga nyuma ya mgongo wa Mama Vifungo. Mlango ulipita kati ya mahindi, ukasimama kando ya barabara kulipisha lori, ukavuka, ukapanda kilima hadi kwenye tangi la maji, ambako hewa ni safi. Bwana Fomu aliufuata na futi kamba bila haraka.

Mama Vifungo hakuukasirikia mlango. Angekuwa na bawaba, angekwenda nao. Alichukua kigoda, akatokea dirishani, akapanda kilima.

"Mia sita na arobaini," alisema Bwana Fomu.

"Nyumba yangu si ile kule?"

"Naiona, mama. Fomu inasema mlango."

"Na mimi, mwanangu, nitapita wapi?"

Bwana Fomu akageuza karatasi, akatazama na nyuma yake. "Hapo fomu iko kimya. Lakini pingamizi unalo, ni haki yako. Ijumaa nakuja kubisha hodi. Ukiitika kutoka ndani, nakuandika."

Ijumaa Bwana Fomu alibisha mara tatu kwenye mlango ulio kilimani, akasubiri dakika tano za kisheria. Mama Vifungo, akiwa jikoni, alimwona kwa mbali, mita mia nne na zaidi, akapiga kelele, na nguruwe wakaitikia wote. Akatoka dirishani. Alipofika, kalamu ilikuwa imekwisha kurudi mfukoni. Mama Vifungo akaupita mlango, akazunguka nyuma yake, akasimama kama aliye ndani.

"Nani mwenzangu?" aliuliza, akihema.

"Muda umekwisha, mama."

"Napinga!"

"Nimekusikia. Bahati mbaya nimeshaandika hakuna pingamizi, na kwa wino."

Mabanda mapya yakajengwa, ukuta wake wa mwisho ukaja kuegemea jiko la Mama Vifungo, hata rafu ya masufuria ikapata joto. Mwenyewe alianza kushonea kilimani, kwenye cherehani lililokwisha kufika huko. Wateja walibisha, akawaitikia karibu, wakaingia na kukaa kwenye nyasi. Shule moja ikarudi. Jioni alishuka kulala kwake, akapita dirishani.

Nguruwe wa elfu tatu alipoingia bandani, mlango ulisogea hatua hamsini nyingine. Kesho yake asubuhi Bwana Fomu alikuja kupima, na fomu ya nguruwe elfu nne ilikuwa kwapani.