Joka Lenye Njaa

Kampuni ya michezo ya kompyuta ilinirudishia joka langu mara ya tatu: "Halitishi." Nilikasirika. Miaka sita nachora mazimwi hapahapa Kibosho, na majina yao nayaandika kwa mkono, herufi za madoido kwa kalamu ya wino. Leo nifundishwe kutisha?

Mama, aliyekuwa ametoka kukatia ng'ombe majani, aliinamia kompyuta yangu. "Eunike, huyu hajala. Ona ubavu wa kushoto ulivyobonyea. Anatia huruma tu."

Nikaujaza ubavu kama wa ng'ombe aliyeshiba, nikalituma. Asubuhi likaja jibu: "Sasa tunaogopa!"

Nikakimbilia bandani kumwambia. Mama hakuacha kukamua.

"Nilijua," alisema. "Sasa akishiba hivyo, anatoa lita ngapi?"