Mshipi wa Gari la Mswidi

Gari la Mswidi la mjomba wangu lilikuwa salama mikononi mwangu kuliko yai ndani ya kuku. Waulizeni watu wa mtaa wetu wa Bondeni. Waulizeni hata wale wanaonichukia, maana hao ndio wengi. Sikulikwaruza, sikuligonga, wala sikulivunjia heshima hata siku moja.

Basi, ukiondoa ule ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa bucha ya mjomba, na mimi nilikuwa katika wiki yangu ya kwanza ya udereva. Nilitaka kurudi nyuma, gari likataka kwenda mbele, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na gari halikusoma, nilishindana nalo. Tukaingia buchani kupitia mahali ambapo hapakuwa na mlango. Nusu ya ng'ombe iliyokuwa imetundikwa ilichomoka kwenye ndoana ikaangukia boneti, damu ikatiririka juu ya kioo, na mama mmoja aliyekuja kununua matumbo akatimua mbio hadi kwenye reli akitangaza kwamba Wasike amemsaga mtu.

Mjomba Wasike alitoka nyuma na kisu mkononi. Hakunitazama mimi. Aliinama akapangusa damu kwenye bampa kwa aproni yake, akaona mkwaruzo usiozidi ukucha, akatabasamu kama mtu aliyepata mtoto. Ndipo akanizaba kofi lililonizungusha mara moja na nusu. Ukuta ulijengwa upya. Gari halikuhitaji hata rangi.

Gari hilo, Volvo lenye mgongo wa kobe, alilinunua kwa daktari wa mifugo, Mswidi mmoja wa kule Njoro, wakati huyo mzungu aliporudi kwao. Lilikuwa limekwisha kula matope ya mashamba ya ngano, na sisi tukaliongezea vumbi la Nakuru, mashimo ya barabara ya Subukia, na mizoga. Kiti cha nyuma tulikitoa ili nyama ipate mahali. Mlango wa kushoto ulianza kulia kama mlango wa kanisa. Lakini asubuhi za baridi ya Julai, wenye magari ya Kiingereza walipokuwa wakisukumana mtaani wakitoa mvuke puani kama maksai, letu lilikuwa linawaka kwa mpigo mmoja. Mjomba alikuwa akipita polepole makusudi, ili wamwone.

Jambo lililochekesha watu ni mishipi. Yule Mswidi alitumiwa kutoka kwao mishipi miwili mipana, akaipigilia mwenyewe kwenye viti vya mbele, ikawa inampita mtu kutoka begani hadi kiunoni. Bondeni haikuwa imeona kitu kama hicho. Miaka yote ile ya Hali ya Hatari, mtu aliyefungwa ndani ya gari alikuwa mahabusu anayepelekwa asikotaka, au mbuzi. Wakawa wanasema Wasike amejikamata mwenyewe na bado hajajisomea mashtaka. Mimi nilicheka nao, kisha nikawaongezea maneno mengine ya kumcheka walipoishiwa.

Mjomba hakujali. Mdogo wake, Nyongesa, alikuwa amepanda lori la viazi. Kule chini Mai Mahiu lori likapinduka, likamtema Nyongesa nje, kisha likamlalia. Mjomba ndiye aliyekwenda kumkusanya. Nasema kumkusanya kwa sababu ndilo neno alilolitumia. Tangu siku hiyo alitafuta gari lisilotema watu.

Akaweka sharti. Hakuna kujifunga mwenyewe. Mimi namfunga yeye, yeye ananifunga mimi. Alikuwa na sababu, na kwa sisi Wabukusu sababu hiyo ina uzito: kijana akikaribia kutahiriwa huenda kwa mjomba wake, na mjomba humchinjia fahali, akamvisha shingoni ukanda wa nyama ya kidari, luliki, na kijana akarudi kwao mbio huku nyama ikimpigapiga kifuani. Wasike ndiye aliyenivisha mimi. Kila alipoukaza ule mshipi begani mwangu alikuwa akiniambia kwamba hiyo ni luliki yangu ya pili, na hii haiozi.

Nami nikajibu kwamba ile ya kwanza angalau ilikuwa na mafuta.

Alicheka. Alinipenda, tatizo lilikuwa hilo. Mbele ya mke wake, mama Nabalayo, alikuwa ameniahidi kwamba nikilitunza gari bila kasoro hadi Krismasi ya mwaka ule wa 1959, litakuwa langu. Sijui kama mnaelewa. Kijana mweusi wa umri wangu, Nakuru, na Volvo. Nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali pa kuliegesha siku ya Jumapili ili wasichana wa kwaya wasiweze kutoka kanisani bila kulizunguka.

Sasa tuje kwa beberu.

Mjomba alinunua mbuzi kwa Kosgei, mzee mmoja aliyekuwa akiishi na mifugo yake pembeni mwa shamba la mzungu kule Kabazi. Jumamosi moja akanituma peke yangu nikalete beberu mkubwa wa harusi ya watu fulani. Akanikumbusha nibebe kamba. Nikamwambia, mjomba, mtu aliyesoma hisabati ya maumbo hakumbushwi kamba.

Kamba ilibaki nyumbani.

Yule beberu hakuwa mnyama, alikuwa kesi ya jinai. Alimtupa Kosgei kwenye ua wa miiba. Alinigonga paja, nikaanguka, akarudi nyuma apate nafasi, akanigonga mbavu kabla sijainuka. Nilimpiga ngumi ya pua, nikaumia mimi. Nilimkamata pembe, akaniburura boma zima juu ya mavi na mawe, magoti yakachunika, na mke wa Kosgei, Jepkoech, aliyekuwa akipura mahindi, akaketi chini kwa kucheka. Mwishowe nilimlalia shingoni, nikamkaba hadi macho yakamtoka, nikamfunga miguu kwa nilichokipata karibu. Alifika Nakuru amefungwa barabara. Mjomba alimchinja jioni ile ile, na mimi nilishika kichwa kwa furaha.

Wiki iliyofuata tulikuwa njiani tena kuelekea Kabazi, mimi na mjomba. Alinifunga mshipi wangu, akavuta mara mbili kuhakikisha. Mimi nikamfunga wake. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa nikimsimulia kisa cha bwana harusi aliyetoroka kwa kupitia dirishani akasahau suruali.

Kwenye mteremko wa Subukia nilikuwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa suruali ya bwana harusi. Kisa kilifika mahali pake patamu, nikageuka kumtazama mjomba kama anacheka. Alikuwa anacheka. Kisha akaacha.

Lori la magogo lilikuwa linapanda katikati ya kona, na sisi tulikuwa upande wake. Nilikata kushoto. Magurudumu yakashika changarawe, gari likaruka ukingo, likashuka kati ya mawe likigonga na kugongwa. Mbele yetu kulikuwa na kisiki. Tulipokigonga nilisikia mlio mdogo karibu nami, trrr, kama gunia la mahindi linalopasuka. Halafu mbingu ikaja chini.

Liliposimama, lilikuwa limelalia paa. Mimi nilikuwa nimening'inia kichwa chini, mshipi umezama begani, sawasawa na mbuzi kwenye ndoana. Injini ilikuwa bado inanguruma. Kiti cha mjomba kilikuwa kitupu, na kioo cha upande wake hakikuwepo.

Alikuwa juu kidogo, kati ya kisiki na jiwe. Ngozi ya kichwa ilikuwa imefunuka kutoka kwenye nyusi kwenda nyuma kama kofia inayovuliwa. Jicho la kushoto sikuliona. Mguu wa kulia, kutoka gotini kwenda chini, ulielekea kule ambako mguu hauelekei, na mfupa ulikuwa nje, mweupe, msafi, kama ile mifupa tuliyowauzia watu wa supu. Alikuwa anajaribu kuketi, mikono ikichimba udongo. Alinitazama na kuniuliza kama nimeumia.

Dereva wa lori, Owino, Mjaluo mwenye mabega ya mlango, aliteremka kwenye mawe na panga. Panga lilikuwa la kunikatia mshipi, lakini nikamwambia mshipi usikatwe, nikaufungua mwenyewe nikaanguka juu ya shingo yangu. Owino aliponiinua alinipiga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Akanipiga nyingine ya tumbo. Alisema ya kwanza ilikuwa ya barabara na ya pili ilikuwa ya yule mzee. Kisha akavua shati akalifunga kwenye paja la mjomba, akakaza kwa kijiti hadi damu ikapungua, na yeye na wapakiaji wake wakampandisha juu ya magogo kwenda hospitali.

Mimi nilibaki na gari. Wapakiaji wawili wa Owino walibaki wakanisaidia kuligeuza. Paa lilikuwa limebonyea kidogo, boneti imekunjamana. Niliwasha. Likawaka kwa mpigo mmoja, nikalirudisha Nakuru nikiwa natema damu dirishani. Jamani, gari.

Mguu wa mjomba ulikatwa chini ya goti. Jicho halikurudi. Alikaa hospitalini hadi mvua zikaisha, na siku zote hizo Bondeni waliponiuliza niliwaambia kwa masikitiko kwamba mshipi ulioza. Vitu vya Ulaya, jua letu huvila kimyakimya. Wakatikisa vichwa. Nilipanga maneno yangu vizuri: mshipi umeoza, gari ni zima, Krismasi ni Krismasi.

Alirudi nyumbani Desemba, kwenye mkongojo, na ua ukajaa watu. Aliketi, akanywa chai ya mama Nabalayo. Kisha akaniita mbele ya wote.

"Masinde. Mshipi wangu ulikuwaje?"

"Ulioza, mjomba."

"Na wako?"

"Wangu ulikuwa upande wa kivuli."

Wazee wawili wakaitikia kwamba kivuli huhifadhi kitu. Mjomba alilisugua paja la mguu uliokatwa. Nikaona ni wakati wa kumchangamsha, nikamwambia kwamba sasa angalau atakuwa akinunua nusu ya viatu. Kwa kawaida angecheka. Aliinuka, akamwambia mama Nabalayo amletee shoka la mifupa.

Alisema kwa sauti ndogo kwamba aliwaweka watoto wake ndani ya kitu hicho, na mtoto wa dada yake, akawaapia hakitamtema mtu. Kitu kilichomdanganya hawezi kumrithisha mpwa wake.

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu yangu ilikokosea.

Pigo la kwanza lilivunja kioo cha mbele. La pili likaingia taa. Alikuwa akipiga kwa mkono mmoja, amejiegemeza kwenye mkongojo, na kila alipopiga aliyumba na watu wakanyoosha mikono wasimguse. Mama Nabalayo alilia kama msibani. Mimi nilikimbia nikasimama mbele ya boneti nikaanza kusema kwamba gari halina kosa, kwamba liliwaka kwa mpigo mmoja hata baada ya kupinduka, kwamba ni mshipi tu. Alinipiga mkongojo wa sikio nikaenda chini. Alipiga mlango wa kushoto hadi bawaba zikaachia, akaingiza mkono, akakata kile kipande cha mshipi nilichokuwa nimekisukumia chini ya kiti, akakitupa kwenye vumbi miguuni pa watu, akaurudia mwili wa gari. Shoka likazama kwenye boneti, likakwama.

Wakati huo ndipo Kosgei na Jepkoech walipoingia langoni na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, wamekuja kumpa mgonjwa pole. Jepkoech alisimama akatazama gari, akatazama watu. Akainama akaokota kile kipande. Upande mmoja kilikuwa kimekatwa na shoka. Upande mwingine kilikuwa kimenyooka kama kilichokatwa na kisu, na pembeni yake palining'inia nyuzi za katani.

"Hii mshipi mimi naijua," alisema, akitabasamu kwa kuona kitu cha nyumbani. "Si ndiyo kijana alikata afunge yule beberu mkali? Alikata na kisu yake ya kuchuna, hapo kwetu."

Nilimkonyeza. Nilikuwa chini kwenye mavumbi, sikio linavuja damu, na nilimkonyeza.

"Kesho yake alirudi kwetu, akakaa kwa boma tu akishona," akaendelea, akimgeukia mama Nabalayo kwa kuwa ni mwanamke mwenzake. "Sindano ya magunia ni mimi nilimpa. Nikamwambia, wewe Masinde, hiyo uzi ni ya mahindi, itashika mtu kweli? Akasema mzee huwa haangalii, kwa sababu yeye ndiye humfunga."

Kosgei alimgusa mkono anyamaze. Alikuwa amechelewa. Owino, aliyekuja naye kumwona mgonjwa na alikuwa amesimama karibu na lango, alivuka ua, akachukua kile kipande, akavuta uzi mmoja kwa kidole. Ukatoka wote, trrr.

Mjomba alikuwa ameegemea boneti, anahema. Jicho lake moja halikuwa tena kwenye gari. Alishika mpini wa shoka kwa mikono miwili, mkongojo ukaanguka, akaanza kulichomoa, taratibu, kushoto, kulia.

"Sogea hapa, mpwa wangu," alisema. "Uko mbali."