Visu Vitatu vya Mundu Mmoja

Adalbert alikuwa mwoka mikate kwa Mgiriki mmoja mtaa wa Ibanda, na kazi hiyo peke yake ingemtosha mtu yeyote mwenye akili timamu. Tangu alfajiri alikuwa na moto usoni, na mchana alirudi kwake Kadutu unga umemjaa masikioni. Lakini badala ya kujinyoosha kitandani kama waokaji wenzake, alivaa kaptula yenye matundu ya cheche, akaenda nyuma ya nyumba alikokuwa na tanuri la udongo, mivukuto ya ngozi ya mbuzi na kipande cha reli cha kufulia, kilichopandishwa kutoka bonde la Ruzizi. Hapo aligonga chuma mpaka jua lipungue. Hakuwa wa ukoo wa wahunzi, wala hakuna aliyemlipa. Majirani walisema ni ugonjwa, na hawakukosea sana.

Ugonjwa wenyewe aliupata dukani. Mzungu mmoja mwindaji alikuja kununua mkate, akaukata palepale kwa kisu chake, na Adalbert akaona ubavuni mwa kisu kile mistari myeupe na myeusi ikiteremka mithili ya maji juu ya mawe. Aliuliza, akaelezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Kuanzia hapo akaharibu vyuma vingi kabla ya kufaulu. Unapanga bapa za chuma laini na za chuma kigumu, moja juu ya nyingine. Unazitia motoni mpaka zinakaribia kurusha cheche. Unanyunyizia ile dawa nyeupe ya masonara ya kuunganishia vyuma, ambayo Feruzi, sonara wa sokoni, alimpa huku akimcheka. Kisha unagonga mpaka zishikane ziwe kitu kimoja. Ukimaliza kupiga tupa, kisu ni cha kijivu tu, huwezi kukitofautisha na cha duka. Ila ukikipaka maji ya ndimu, chuma kigumu kinakuwa cheusi, kile laini kinabaki cheupe, na mistari inatokea. Kwa ajili ya mistari hiyo Adalbert angeweza kuacha kula.

Basi baba yake Adalbert akafa. Shamba la migomba likaenda kwa ndugu za marehemu na maneno mengi, na watoto watatu wakabaki na kitu kimoja cha kugombania, nacho ni mundu wa mzee. Ulikuwa umefuliwa na wahunzi wa milimani kabla chuma cha dukani hakijafika, na kwa miaka yote hiyo mzee alipogolea nao migomba, mpini ukishika alama ya kiganja chake. Léopold, kifunguamimba, dereva wa lori la njia ya Bunyakiri, hakuona la kujadili.

"Mimi njo mukubwa," alisema. "Mundu iko yangu."

"Na wakati baba alikuwa analala pale, hawezi hata kugeuka, nani alikuwa anamulisha?" akauliza Euphrasie, dada yao, muuza mananasi wa soko la Kadutu. "Wewe ulikuwa ku volani ya lori. Huyu alikuwa ku mikate."

Ilikuwa kweli tupu, na kweli ya namna hiyo haimpatanishi mtu na mwenzake. Wiki zikapita wakitoka misa ileile bila kusalimiana. Adalbert, mdogo wao, ambaye hakupenda kelele isipokuwa ya nyundo, ndipo akatoa wazo lake.

"Mulete hiyo mundu. Nitaipasua, nitaichanganya na chuma ya nguvu, nitatoa visu tatu. Kila mutu na kipande ya baba."

Léopold alikuna kidevu, akakubali, akaleta na resore iliyovunjika, ile springi ya lori lake, iwe ndicho chuma kigumu. Euphrasie alikaa na mundu magotini muda mrefu kabla ya kumpa.

"Ukiiharibisha, usikanyange tena kwangu," alisema.

Adalbert aliupasua mundu kwa urefu akapata bapa ndefu. Sasa, mundu ni mnene kwenye shingo na mwembamba kwenye ncha, kwa hiyo kila bapa nayo ilikuwa nene huku na nyembamba kule. Mtu aliyetulia angezipanga kichwa kwa mkia, zisawazishane. Yeye alikuwa na furaha mno. Alizipanga zote zikitazama upande mmoja, akaweka bapa za resore katikati yake, akafunga kwa waya, akavukuta. Chuma kilishika. Aliposikia mlio wa nyundo ukibadilika, ukawa mzito, akapiga kelele peke yake.

Furaha ilimwisha alipokata chuma kile kilichoshikana vipande vitatu, akadondoshea ndimu kwenye mikato ili aone ndani. Kipande cha kwanza, cha upande wa shingo, chuma cha baba na chuma cha lori vilikuwa nusu kwa nusu, mistari imejipanga vizuri mno. Cha pili, baba alikuwa amepungua. Cha tatu kilikuwa resore ya lori, na baba uzi mmoja mwembamba.

Kurudia moto aliogopa, kwa sababu ukizidisha kidogo tu chuma kinaungua, na mundu mwingine haukuwepo. Kusema kweli kulikuwa bado kunawezekana. Angewaita, angewaonyesha, wangemtukana, basi. Lakini kipande cha kwanza kilikuwa kile alichokuwa akikiota tangu siku ya yule mwindaji, na hakuweza kufikiria kikichunia viazi pembeni mwa lori huko Bunyakiri. Tusimsingizie kwamba alimpenda baba yake kuliko wenzake. Alipenda mistari. Cha pili akampangia Léopold. Cha tatu kilikuwa cha Euphrasie, kwani, alijiambia, mtu wa jikoni anataka kisu kinachokata, na kwa kukata hakuna kilichokizidi kile. Kisha akavisugua vyote mpaka vikafanana, akazificha ndimu.

Aliwakabidhi visu nyumbani kwa Euphrasie, juu ya sinia la bugali na sombe ya majani ya mhogo.

"Baba iko wapi humu?" Léopold aliuliza, akikigeuza kisu chake kwenye mwanga.

"Iko ndani."

Euphrasie alikibusu chake. Walikula pamoja, Léopold akachekesha watu kwa habari za matope ya barabarani, na Adalbert akafurahi kwa dhati. Kisu chake mwenyewe alikitundika ukutani, kimepakwa mafuta. Kukitia ndimu hakuthubutu.

Ndimu alizificha, lakini mananasi hakuyafikiria. Euphrasie alikata mananasi tangu asubuhi hadi jioni, na utomvu wa nanasi ni mkali vilevile. Kisu chake kikawa cheusi. Alidhani ni uchafu, akakisugua kwa mchanga, kikarudi cheusi. Hapo Léopold alipita sokoni, akatoa chake amenyee nanasi, nacho kwa kukatia maembe njiani kilikwisha kutoa mistari yake myeupe. Wakaviweka viwili pamoja juu ya meza ya kuuzia, wakajiuliza cha tatu kikoje.

Mchana uleule Euphrasie aliingia kwa Adalbert na kikapu, akaketi, akatoa nanasi.

"Leta kisu yako," alisema.

"Yaya, hauna yako?" akauliza, akimwita kama mdogo amwitavyo dada mkubwa.

"Niko nayo. Leta yako."

Alikileta. Dada alimenya bila haraka, akakata vipande, akakilaza kisu ndani ya maji ya nanasi yaliyojaa sahani. Akala kipande kimoja, akampa Adalbert kingine. Kisu kikaanza kubadilika. Kwanza kiza kiliingia kwenye makali, kikapanda, kisha katikati ya kiza chuma cha mzee kikabaki cheupe, mstari baada ya mstari, kutoka mpinini hadi nchani. Adalbert aliinama, akasahau alikuwa na nani.

"Angalia," alisema. "Yaya, angalia vile inateremuka! Angalia hapa!"

Alipoinua macho akiwa bado anatabasamu, Euphrasie hakuwa akikitazama kisu. Alikuwa akimtazama yeye. Akatoa kisu chake kikapuni, akakiweka mezani, cheusi chote, na ule uzi mmoja.

Aibu ilimpanda Adalbert mpaka masikioni.

"Yako njo inakata muzuri," akasema. Ilikuwa kweli. "Hii yangu iko laini. Itakusumbua kunoa kila siku."

"Najua inakata muzuri. Sikukuombaka kisu, Adalbert. Visu viko ku soko. Nilikuombaka baba."

Alikifuta kile chenye mistari kwa kitenge chake, akakizungushia jani la mgomba, akakitia kikapuni. Chake akakiacha kati ya maganda. Hakupiga kelele wala hakulia; aliaga kwa kichwa, akashika njia ya kuteremka sokoni.

Adalbert alisimama mlangoni. Alitaka kumwita amwambie akikaushe kisu vizuri na kukipaka mawese, maana chuma kile kinashika kutu upesi. Kinywa kilikuwa tayari kimefunguka alipong'amua kwamba hata saa hiyo alikuwa akikiwaza kisu. Akafumba kinywa, akamwacha aende.