Namna ya Kulinda Korongo

Milcah Oloo alichutama asubuhi nne katika kinamasi cha Karen, gambuti zimejaa tope na mbu wakimla bila haya, ndipo alipokiona kiota cha korongo taji. Kilikuwa na mayai matatu. Nusura apige vigelegele, ila kazi ya mwanaekolojia haina vigelegele, ina fomu. Mzee Mahesh, mfanyabiashara mstaafu ambaye shamba lake linapakana na kinamasi, alimwambia ndege hao walianza kuatamia wiki mbili zilizopita. Zimebaki mbili nyingine. Korongo hawakuhitaji kitu chochote duniani ila kutotembelewa.

Ripoti yake ilikuwa na kurasa arobaini na nane. Mkurugenzi wake, Wahome, mwenye ofisi ghorofa ya tisa katikati ya jiji, aliisoma kwa umakini wake wote, yaani sentensi ya mwisho: eneo hili lilindwe mara moja.

"Milcah, hapo umenifurahisha," alisema. "Tunalinda Ijumaa. Launch kubwa. Waziri msaidizi amekubali kukuja."

"Bosi, ukurasa wa saba nimesema watu wasikaribie hapo kabla mayai yaanguliwe."

"Sasa tutalindaje kitu kama watu hawakuji kuona ikilindwa?"

Chuo kikuu hakikuwahi kumfundisha Milcah somo hilo. Aliandika barua mbili za kupinga, na zote mbili zilipigwa muhuri wa kupokelewa vizuri sana.

Ijumaa ikafika, ofisi ikalinda. Ililinda kwa slasha tangu alfajiri, ikifyeka matete ili hema ipate pa kusimama, maana mgeni wa heshima hawezi kulinda mazingira akiwa juani. Ililinda kwa vipaza sauti vinne na kikundi cha ngoma. Ilipanda miche mia mbili ya mkaratusi, mti ambao ukiupanda kwenye kinamasi hunywa maji mpaka vyura wakahama. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wenyeji wa pale walizunguka angani wakilia hadi saa nane, kisha wakaenda zao. Hakuna aliyewaona, watu walikuwa wanasikiliza hotuba kuwahusu.

Kuku na wali vilipoanza kugawanywa, Milcah alikwenda kwenye kiota. Mayai mawili yalikuwa yamekanyagwa. La tatu lilikuwa zima, lakini baridi. Alilishika viganjani muda mrefu, akalia, na hakujali nani anamwona.

Mzee Mahesh alikuja akasimama kando yake.

"Daktari, mimi nimekaa hapa miaka kumi na tisa," alisema. "Hawa ndege hakuna mtu alikuwa anawalinda. Na kila mwaka walikuwa wanaangua."

Hakuyasema kwa ubaya, na ndiyo sababu yalimchoma Milcah. Aliyeomba ulinzi ni yeye.

Mvua zilizofuata, Wahome alimtuma akapime mafanikio.

"Na kama wamerudi, niambie mapema," alimwagiza. "Tufanye anniversary."

Milcah akavaa gambuti, akaenda. Kati ya ile miche mia mbili, hata mmoja haukuwepo.

"Ni ng'ombe," alieleza Mzee Mahesh, ambaye hakufuga hata kuku. Kisha akanyoosha kidole upande wa chini, ambako matete yalikuwa yamesimama tena. Korongo mmoja alikuwa ameatamia, taji lake la dhahabu likichungulia juu ya majani. Mwenzake alisimama karibu akimkagua Milcah kama karani wa ardhi.

Jioni alijaza fomu mbele ya Wahome. Katika miaka kumi na moja ya kazi hakuwahi kuongeza wala kupunguza ndege. Aliwahi kumfukuza mwanafunzi, Lenox, kwa kubuni bata watatu tu. Palipoulizwa hali ya miche, aliandika: nzuri sana, asije mtu kupanda mingine. Palipoulizwa idadi ya korongo, kalamu ilisita, na akaona aibu kana kwamba Lenox anamchungulia begani. Akaandika sufuri, akatia sahihi.

"Hata mmoja?" Wahome aliuliza.

"Hata mmoja, bosi."

"Pole. Basi hakuna haja ya mtu kurudi huko."

"Hakuna kabisa," alijibu Milcah, na huo ukawa ushauri wake wa kwanza wa kitaalamu ambao ofisi ile iliufuata neno kwa neno.