Kiti cha Mfiwa

Katika mtaa ule mfiwa haitwi kikaoni. Sheria hii haikuandikwa popote, lakini ilifuatwa kuliko zote zilizoandikwa. Mjumbe wa kamati ya mtaa akifiwa, kiti chake hugeuzwa kikatazama ukuta, na wenzake huendelea na kazi bila yeye mpaka siku atakayoingia mwenyewe na kusema, "Nimepoa." Aliyebuni jambo hili alikuwa na roho nzuri, hilo hakuna wa kulikataa. Ila kuna wema mwingine duniani, lau ungekuwa na meno, ungekuwa umeshatutafuna sote.

Kiti kilichotazama ukuta safari hii kilikuwa cha Mama Mkate. Jina alipewa na tanuri lake, maana hakuna nyumba mtaani ambayo haikuwahi kula kilichotoka mle. Binti yake wa pekee alikuwa na meza ya vifungo na nyuzi katika soko la nguo, na pale mezani ndipo alipofia siku bomu lilipolipuka. Walikufa na wengine, na wengine wakabaki bila mguu au bila macho. Aliyelibeba bomu lile, akafa nalo, hakuwa mgeni. Alikuwa kijana wa ng'ambo ya mfereji, mtoto wa mama mfua nguo, na mdogo wake ndiye aliyekuwa mkandaji wa unga wa Mama Mkate.

Kwa mama yao walikuwa wawili tu, na huyu mdogo mtu mtaa ulimwita Chumvi. Wiki yake ya kwanza kazini alisahau kutia chumvi katika unga wa siku nzima, na watu wakatafuna mikate ile huku wakijishika mashavu, kila mmoja akidhani ameugua ulimi. Mwajiri mwingine angemfukuza. Mama Mkate alicheka mpaka akakaa chini juu ya gunia, na jina likamganda, hata mama yake mzazi akalizoea. Alikuwa mtu mzima sasa, mpana wa mikono, mwepesi wa mzaha, na binti ya Mama Mkate alimwita kaka na kumnyang'anya ncha ya mkate wa moto kila alipopita.

Tangu siku ya bomu Chumvi hakukanyaga tena tanurini. Mama Mkate, akiwa amelala na uso ameuelekeza ukutani, alikuwa na watu wawili moyoni. Mmoja alijua hatarudi. Wa pili alimngoja. Kila kitasa kilipolia alidhani ni yeye. Hakumtuma mtu kumwita, kwa kuwa alijiambia aibu ni kama homa, humpanda mtu na humshuka, na ikimshuka atakuja mwenyewe. Alikosea, lakini siku zile nani alikuwa na akili zake kamili?

Aliyekuja alikuwa Mwenyekiti wa kamati. Huyu alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu wa mwili na sauti, anayeinama kuingia nyumba za watu hata pale ambapo mlango ni mrefu. Alileta mfuko wa mchele. Akakaa, akashusha pumzi, akamwombea marehemu kwa maneno mazuri. Kisha, kwa uso wa mtu aliyeficha zawadi mgongoni, akamwambia Mama Mkate atulize moyo, kwani suala la kaburi wameshalimaliza.

Mama Mkate hakujua kaburi lipi. Akaelezwa. Makaburi ya mtaa yako chini ya kamati, na hazikwi mtu bila idhini yake. Mama mfua nguo alikuwa ameomba amzike mwanawe, kile kilichobaki cha mwanawe, na kamati ilikuwa imekataa. Samaki mmoja akioza wote wameoza, walisema, na hawakuwa tayari kuwachanganya waliokufa na aliyewaua. Tena hawakukataa kwa jina lao wenyewe. Walikataa kwa heshima yake.

"Tumesema mfiwa hataki," alisema Mwenyekiti. "Basi, maneno yakaishia hapo."

Mama Mkate aliinuka akakaa kitako. Aliuliza ni nani hasa aliyekuja kuomba. Mwenyekiti akasema mama mtu alikuwa akilia tu, kwa hiyo aliyesema ni Chumvi. Alisemea mlangoni, kwa kuwa ng'ambo ya mfereji haina kiti katika kamati, na asiye na kiti husemea mlangoni. Walipomkatalia aliondoka, kisha akarudi tena, na safari hiyo hakuomba kitu. Aliuliza tu kama ni kweli Mama Mkate mwenyewe ndiye aliyekataa. Wakamwambia ni kweli.

"Na mimi mliniuliza lini?"

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, hapo ndipo penye uchungu. "Tungekuulizaje, mama, nawe uko msibani? Tungekuwa watu wa namna gani?"

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hapa wa mbali walikuwa wameanza kilio, wamekilia, wamekimaliza, na mfiwa ameletewa habari zake pamoja na mchele.

Hasira zilimpanda Mama Mkate, lakini hazikufika mbali, kwa sababu alikumbuka mlango ule. Kabla ya yote haya kaka mtu naye aliwahi kusimama pale na vijana wenzake. Kila kilipoibwa kitu mtaani, askari walivuka mfereji na kuzoa vijana kama wanaokusanya kuni, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Vijana walitaka kiti kimoja tu cha kuulizia. Kamati ikawajibu kwamba mtaa ni mmoja, wao tayari wanawakilishwa, waende nyumbani watafanyiwa yaliyo mema. Mama Mkate alikuwapo, amekaa kitini pake, akiwaza kuni za kesho. Hakufungua mdomo. Kijana yule alisema asante kwa adabu akaondoka, na baada ya hapo akaanza kuonekana na watu wa mbali waliokuwa na nafasi ya kumsikiliza.

Mama Mkate hakumtafutia udhuru. Aliyemuua binti yake ni yule kijana, mlango hauui mtu. Lakini sasa pale pale mlangoni alikuwa amesimama Chumvi, naye alikuwa amejibiwa vile vile, na safari hii kwa jina la Mama Mkate mwenyewe.

Alijifunga kitenge akatoka. Kiatu kimoja alichovaa kilikuwa chake na cha pili kilikuwa cha marehemu, na hakujua mpaka jioni. Mwenyekiti alimfuata hadi barazani akimsihi apumzike, watu watasema nini. Mama Mkate alikuwa ameshafika kwenye ubao wa kuvukia mfereji.

Ng'ambo kule nyumba ya mama mfua nguo haikuhitaji kuulizwa, maana siku zote ilionekana kwa nguo za watu zilizoanikwa uwanja mzima. Leo kamba zilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa tayari kumpa nguo zake mama wa mtu yule. Mwenyewe alikuwa ameinamia beseni akifua shuka zake ambazo hazikuwa na uchafu wowote. Alipomwona anayekuja alisimama, mikono ikichuruzika maji, akateremsha uso kama mtu anayesubiri kofi.

Mama Mkate hakumkumbatia. Alitaka, mikono ikakataa. Akauliza Chumvi yuko wapi.

"Ameondoka. Asubuhi ya leo."

Alimweleza polepole, bila kulaumu, na heri angelaumu. Baada ya Chumvi kutoka kwenye kamati mara ya pili walikuja wanaume wenye sauti za upole, wale waliomchukua kaka yake. Wakamwambia Chumvi kwamba watu wake wamemnyima kaka yake hata udongo, lakini wao wanamheshimu, na hata yeye wangempa heshima. Siku ya kwanza Chumvi aliwamwagia maji ya sabuni. Walirudi. Mtu aliyefungiwa milango yote humsikiliza hata mwizi, na Chumvi akasikiliza.

"Lakini alikungoja kwanza," alisema mama mfua nguo. "Aliniambia, mama, mimi siamini. Mama Mkate akija akaniambia kwa mdomo wake kwamba hataki, nitakubali, nitamzika kaka hata porini, na nitarudi kazini akinitaka. Akawa anachungulia kila anayepita. Nikamwambia nenda wewe kwake. Akasema, niende na uso gani?"

Mama Mkate akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Walikuwa wamengojana. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kumtia mwenzake uchungu, na kati yao palikuwa na mfereji mwembamba ambao harufu ya mkate huuvuka bila shida.

Siku ya kikao hakuitwa na hakungoja kuitwa. Aliingia akiwa amemshika mkono mama mfua nguo, akamvutia kiti, akageuza cha kwake na kukaa. Wajumbe walingoja aseme neno lile la siku zote.

"Sijapoa," alisema Mama Mkate. "Wala sidhani kama nitapoa. Lakini nimekuja, na nataka yule kijana azikwe."

Kelele zilizofuata hazikuwa ndogo. Fundi saa, aliyekatwa mguu baada ya bomu lile, alisema yeye hataki, na kama leo ni siku ya kuulizana basi na yeye aulizwe. Mama Mkate akamwambia ana haki. Hakuna aliyemnyamazisha. Alisema yote, akatukana, akalia, akaonyesha suruali yake iliyofungwa kwa pini gotini, na mama mfua nguo akamsikiliza mpaka mwisho bila kuinamisha macho. Mwishoni fundi saa akasema wachimbe, ila yeye haji, na wasimsalimie kwa muda. Wakakubaliana hivyo hivyo. Kisha katibu akamgeukia mama mfua nguo akamuuliza angependa upande gani wa makaburi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza chumba kile kumuuliza yule mama kitu. Akasema popote, ilimradi watu wasipite juu yake.

Walimzika kando ya ua. Waliokuja walikuwa wachache. Mwenyekiti alikuja, akavua koti, akashika koleo kwa mikono yake mwenyewe, na kwa hilo apewe haki yake. Mama Mkate alitupa konzi yake ya udongo. Hakumwombea aliyelala mle chini, moyo ulikuwa haujafika huko. Udongo ule aliutupa kwa ajili ya aliye hai, ili habari zimfikie.

Wakazituma habari kwa kila njia. Waliwaambia madereva wa masafa, rafiki zake wa zamani, hata wale waliosemekana kujua wanaojua. Semeni kaka yake amezikwa makaburi ya mtaa. Semeni Mama Mkate ametia udongo. Simu ya Chumvi ilikuwa imezimwa, na mama yake aliipiga hivyo hivyo kila alipomaliza kufua, kwani nguo za watu zilikuwa zimeanza kurudi, moja moja.

Mchana mmoja mama mfua nguo akaingia tanurini mbio, simu ameishika mbali na mwili kana kwamba itamwagika. Mama Mkate alikuwa na unga mpaka viwikoni, siku hizi akikanda mwenyewe. Aliipokea bila kunawa. Upande wa pili palikuwa na upepo mwingi.

"Ni kweli mmemzika?" iliuliza sauti ya Chumvi.

"Tumemzika, mwanangu. Nami nimemtia udongo. Rudi nyumbani."

Upepo ukavuma. Nyuma yake wanaume walikuwa wakiongea.

"Mara ya kwanza, ni wewe uliyekataa?"

"Sikuulizwa, mwanangu."

Upepo ulizidi mpaka Mama Mkate akadhani simu imekatika.

"Na sisi hatukuulizwa," alisema Chumvi. Hakusema kwa ukali, alisema kama anayemweleza mwenzake hali ya barabara. "Huku nako hawaulizi, Mama. Ukishaingia, hakuna anayekuuliza tena."

Mama Mkate alianza kumwambia kwamba atamfuata, aseme tu aliko, hata kama ni kwa miguu. Lakini huko aliko mtu aliita jina fulani, jina ambalo Mama Mkate hakuwahi kulisikia, na Chumvi akaliitikia. Simu ikakatika kweli.

Mama mfua nguo alikuwa amesimama karibu sana, akimtazama mdomo.

"Amesema atarudi?"

Mama Mkate alitafuta uongo, na siku hiyo hakuna ambaye angemlaumu kwa kuusema. Hakuupata.

"Hakusema," alijibu, na mama mfua nguo akaendelea kumtazama mdomo, akingoja amalizie.