Goti la Severa

Kosa letu lilikuwa huruma. Severa alikuwa amebeba katoni ya sabuni ghalani, nyuma ya soko la Kariakoo. Akageuka ghafla, unyayo ukabaki palepale, akaanguka. Pia ya goti lake ilikuwa imehamia upande wa nje, imetuna kama ndimu chini ya ngozi. Mimi na Bakili tukamnyoosha mguu taratibu ili tumlaze vizuri juu ya magunia. Pia ikateleza, ikarudi mahali pake. Tukashukuru.

Ndipo akaja Augustino, mkuu wa ghala.

"Kiko wapi hicho kilichotoka?"

"Kimerudi, ndugu," Bakili akasema.

"Kimerudi. Kilikwenda Feri kununua samaki?"

Wachache wakacheka. Nawakumbuka kwa majina mpaka leo.

Severa, binti wa miaka ishirini, alikuwa bado kwenye majaribio. Anayetegea kazi wakati wa majaribio haajiriwi, na shemeji wa Augustino alikuwa anaimezea mate nafasi ile. Ghala zima tulijua.

"Nampeleka hospitali mwenyewe," Augustino akasema. "Daktari akisema mzima, asirudi hapa."

Nami nikapanda gari. Nilikuwa kwenye kamati ya wafanyakazi, halafu simwamini mtu anayetuita ndugu huku funguo zote anazo yeye.

Daktari Mbaruk alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alimuuliza Severa aligeukaje, kama pia iliwahi kutoka utotoni, kama kwao kuna mwingine mwenye goti la namna hiyo. Akaanza kupapasa mguu usioumia. Kisha akashika goti lililovimba, akalikunja kidogo, huku akimuuliza kwao Songea wanapenda kula nini.

"Ugali, daktari, na maha..."

Daktari akaisukuma pia kwa kidole gumba, kuelekea nje. Severa akamdaka mkono. Paja lilikuwa limekakamaa, jasho limemtoka puani.

"Anaigiza," Augustino akasema.

"Ningemwambia nitakachofanya, angeweza kuigiza. Sikumwambia. Ikisukumwa kule ilikohamia, mwili unakataa kabla mwenyewe hajafikiri. Njoo nawe nikusukume."

Augustino akavuta miguu yake chini ya kiti.

Picha haikuonyesha kipande cha mfupa kilichovunjika. Severa akafungwa plasta ngumu. "Asikandwe na mtu," daktari akasema. "Plasta ikitoka, awe anauinua mguu ukiwa umenyooka, kila siku, mpaka paja lipate nguvu. Paja ndilo linaloishikilia pia. Ikizoea kutoka, tutazungumza upasuaji. Kwa sasa asibebe kitu. Mpeni kazi ya kukaa."

"Ghalani kwangu hakuna kazi ya kukaa."

"Ipo moja," nikasema. "Unaifanya wewe."

Daktari akainama kuandika, lakini nilimwona akicheka.

Kamati ilikaa, Augustino akafoka, tukamwacha afoke mpaka akachoka. Severa akaajiriwa, akawekwa mlangoni kupokea mizigo, mguu wake juu ya kreti. Plasta ilipotolewa akawa anauinua mguu palepale, ananyoosha, anashusha, anainua tena, huku anahesabu katoni. Mlango ule ulikuwa mwembamba. Augustino kila akitaka kupita ilimbidi asimame, funguo mkononi, asubiri mguu ushuke.

"Samahani, ndugu," Severa anamwambia, bila haraka. "Agizo la daktari."