Mikono ya Refugio

Kaka yangu Refugio alichapwa rula viganjani kila Kihispania kilipomponyoka darasani, hapa hapa mjini kwetu Weslaco, ambako shuleni kiliruhusiwa Kiingereza tu. Hakusahau. Binti yake Nereida alipozaliwa, alipiga marufuku lugha yetu nyumbani, akamlea mtoto kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Nilimwambia anakata tawi alilokalia. Akanijibu kwamba mikono ya mwanawe haitavimba.

Zilizosalimika ni nyimbo za Kihispania tu. Jumamosi, nyama ikiwa motoni uani, alipiga kodiani na mtoto akaimba maneno asiyojua maana yake. Leo Nereida anajaza kumbi, watu wanalia, kisha ananipigia simu kuniuliza wimbo ulisema nini. Nilikuwa nikimtania kuwa ni kasuku mwenye mshahara. Sasa sina hamu ya utani.

Kiharusi kilimfutia kaka Kiingereza, kikamwachia Kihispania tu. Na kwetu mzazi haagi dunia kabla hajamchorea mwanawe msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Baraka hiyo ndiyo Nereida aliyoifuata kutoka Los Angeles. Alipiga magoti kando ya kitanda akaimba, maana Kihispania alichokuwa nacho ni cha nyimbo tu. Refugio alisikiliza hadi mwisho, machozi yakimtoka, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu mwimbaji ana sauti, dada. Mpe chakula ale, aende zake. Halafu niitie binti yangu nimbariki, naona safari imefika."

"Anasema nini, shangazi?" Nereida akauliza.

Nilimweleza yote, sijui kupaka maneno sukari. Nikamwambia na kaka kwamba binti ndiye huyu. Akanitazama kama mwongo.

Nereida alihangaika kutafuta maneno. Nyimbo zilimfundisha kusema mpenzi usiniache, nakufa kwa ajili yako. Hazikumfundisha kuomba baraka. Nilitaka kumnong'oneza, hakunisubiri. Alimshika baba yake bega akasema kwa sauti ya juu, kwa Kiingereza safi cha shule:

"Baba, nitazame. Ni mimi."

Refugio alikunja vidole, akaficha mikono yote miwili kwapani, chini ya shuka.

"Sikusema kitu, mwalimu," akanong'ona kwa Kihispania. "Sirudii tena."

Nereida aliniuliza tena anasema nini. Hilo nalo nilimweleza.

Kaka alikata roho jioni ile, mikono ikiwa bado kwapani. Nereida aliuchomoa wa kulia, akajichora msalaba kwa kidole gumba cha baba yake. Nilimwacha. Inaniuma kusema, lakini kwetu hiyo haihesabiki.